Sauti za Manusura Ndani ya Makumbusho: Mwongozo Kamili wa Kuandaa Maonyesho ya Simulizi za Unyanyasaji wa Kitaasisi

Mtu aliyekulia katika kituo cha malezi, shule ya bweni ya lazima au nyumba ya kurekebisha tabia, na akadhulumiwa humo, mara nyingi ana jalada nene ambalo hakuandika hata mstari wake mmoja. Wengine ndio waliomwandika. Katika shule za bweni za watoto wa jamii za asili nchini Kanada, wengi waliitwa kwa namba. Katika nyumba za kufulia nguo za Magdalene huko Ireland, zilizoendeshwa na watawa, wanawake walifanyishwa kazi bila malipo, wakavuliwa majina yao na kupachikwa mengine. Watoto waliosafirishwa kutoka Uingereza kwenda Australia, wengi wao waliambiwa kwamba wazazi wao wamekufa, kumbe wako hai.

Sasa yanakuja makumbusho. Nayo ni taasisi: yana funguo, stoo, majalada na wakubwa. Yanamwambia mtu yuleyule, "Tupe simulizi yako, tutaitunza vizuri." Ahadi ya namna hiyo ameshaisikia.

Kwa hiyo mwongozo huu unasimama juu ya kanuni moja. Andaa maonyesho yako kwa namna ambayo msimulizi yeyote akisema leo jioni, "Nimeghairi, ondoeni sauti yangu," kesho asubuhi milango ifunguliwe bila sauti hiyo na bila chumba kuonekana kimebomoka. Ni kanuni ndogo kwa kuitazama, lakini ukiishika kweli itabadili mkataba wako, bajeti yako, uhariri wako, hata skrubu unazofungia mabango.

Hatua ya kwanza: nani anakaa mezani

Usianze na kinasa sauti. Anza na kamati ya manusura yenye uwezo wa kukataa. Kamati ya ushauri inayoitwa mara mbili kupewa chai na kuonyeshwa michoro iliyokwisha kupitishwa haina maana, na manusura huitambua mara moja. Andikeni mapema ni maamuzi gani ni ya kamati (jina la maonyesho, simulizi zipi zitumike, picha za matangazo, wafadhili) na yapi ni ya makumbusho (usalama wa jengo, umeme, saa za kazi). Walipeni wajumbe kwa muda wao kama mnavyomlipa mshauri mwingine yeyote, pamoja na nauli na malazi.

Tarajia mabishano. Manusura si kundi lenye mawazo mamoja. Wapo watakaokumbuka mlezi mmoja aliyekuwa na huruma, na wapo watakaoona kumtaja ni usaliti. Wengine wanataka jengo la zamani lihifadhiwe, wengine wanataka libomolewe lisibaki tofali. Nyumba ya kufulia ya Magdalene iliyokuwa Sean McDermott Street mjini Dublin ilifungwa 1996, ikiwa ya mwisho nchini Ireland. Mwaka 2018 madiwani wa jiji walipiga kura kuzuia eneo hilo lisiuzwe kwa kampuni ya hoteli, na 2022 serikali ikatangaza mpango wa kujenga hapo kituo cha taifa cha utafiti na kumbukumbu. Mahali pa namna hiyo pakipona ndipo maswali magumu yanapoanza. Kazi yako si kuwapatanisha wanakamati. Tofauti zao zinaweza kuingia kwenye maonyesho zilivyo, kila mmoja kwa sauti yake.

Suala la fedha lipelekwe kwenye kamati kabla ya kujibiwa. Ikiwa shirika lililoendesha taasisi hiyo, au mrithi wake, linajitolea kuchangia, kamati ndiyo iseme ndiyo au hapana, na kwa masharti gani. Nembo ya mfadhili wa aina hiyo karibu na mlango inaweza kumrudisha manusura nyumbani kabla hajaingia.

Hatua ya pili: sheria kabla ya ahadi

Tafuta wakili kabla ya mahojiano ya kwanza. Umwulize mambo manne: kashfa, kesi zinazoendelea, wajibu wa kutoa taarifa ikiwa mtuhumiwa bado yuko karibu na watoto, na uwezo wa mahakama kudai rekodi zako.

Hilo la mwisho halichukuliwi kwa uzito unaostahili. Kati ya 2001 na 2006, mradi wa chuo cha Boston College nchini Marekani uliwarekodi wapiganaji wa zamani wa mgogoro wa Ireland Kaskazini, kwa ahadi kwamba kanda hazitafunguliwa hadi msimulizi afariki. Mwaka 2011 mamlaka za Uingereza zilizidai kupitia serikali ya Marekani, na mahakama zikaamuru baadhi zitolewe. Ule haukuwa mradi wa unyanyasaji wa kitaasisi, lakini funzo lake linafika hapa hapa: usiahidi siri ambayo huna nguvu ya kuilinda. Mwambie msimulizi, kabla hajafungua kinywa, kwamba utatunza siri kwa kadiri sheria inavyokuruhusu, na umweleze mpaka huo uko wapi.

Huenda pia kuna ushahidi uliokwisha kutolewa kwenye tume ya uchunguzi au kwenye madai ya fidia, nawe ukatamani kuutumia. Tahadhari. Nchini Kanada, zaidi ya madai 38,000 ya fidia ya unyanyasaji katika shule za bweni yaliwasilishwa kwa utaratibu wa faragha, na mwaka 2017 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua kwamba rekodi hizo zitunzwe kwa miaka 15 kisha ziharibiwe, isipokuwa mdai mwenyewe achague zihifadhiwe. Ireland mambo yalikwenda upande wa pili. Muswada wa 2019 ulitaka rekodi za tume iliyochunguza unyanyasaji wa watoto na za bodi ya fidia zifungwe kwa miaka 75, manusura wengi wakaupinga, na haukupita. Huku watu walihofia kuanikwa, kule walihofia kuzimwa. Njia ya kutoka ni ileile: muulize mwenyewe.

Zaidi ya sheria, ushahidi wa fidia ni malighafi mbaya kwa makumbusho. Ulitolewa ili kuthibitisha madhara. Unaanza na jambo baya kuliko yote, unalipima, unaliwekea tarehe, kisha unanyamaza. Mtu kamili aliyeishi miaka mingi kabla na baada ya taasisi hayumo. Rekodi upya kila inapowezekana.

Hatua ya tatu: ridhaa inayoombwa mara nne

Fomu moja inayotiwa saini siku ya mahojiano haitoshi. Siku hiyo msimulizi hajui atasema nini, wala wewe hujui utatumia kipande gani. Omba ridhaa kabla ya kurekodi, kisha baada ya yeye kusoma unukuzi, yaani mahojiano yaliyoandikwa neno kwa neno, au kusikiliza rekodi, kisha akiona kipande chake ndani ya mchoro wa chumba, na mara ya mwisho akisimama chumbani chenyewe kabla ya ufunguzi. Kati ya hatua na hatua mpe muda wa kutosha wa kubadili mawazo bila kubembelezwa.

Tenganisha maswali. Mtu anaweza kukubali sauti na kukataa uso, kukubali chumba cha maonyesho na kukataa intaneti, kukubali watafiti na kukataa waandishi wa habari. Kila kimoja kiwe na kisanduku chake:

- jina kamili, jina la kubuni, au bila jina;
- sauti yake, sauti yake iliyobadilishwa, au maneno yake yakisomwa na mtu mwingine;
- picha za sasa na picha za utotoni;
- maonyesho haya tu, au pia yakisafiri kwenda mji mwingine;
- tovuti, mitandao ya kijamii, vyombo vya habari;
- vipindi vya wanafunzi;
- kuhifadhiwa kwa watafiti, na kuanzia lini;
- kutumiwa kufundishia programu za akili bandia.

Kifungu cha kujitoa kiandikwe kwa lugha ambayo haihitaji wakili. Kwa mfano: "Ninaweza kuondoa simulizi yangu, yote au sehemu, wakati wowote, bila kutoa sababu. Nikimpigia au kumwandikia mtu aliyetajwa hapa chini, makumbusho yataiondoa kwenye chumba cha maonyesho kabla ya kufungua siku inayofuata." Taja mtu halisi na msaidizi wake. Barua pepe ya ofisi isiyo na mwenyewe haifai.

Sema pia lisiloweza kurudishwa. Kitabu kilichochapishwa na kuuzwa hakirudi, na kipande kilichopakuliwa mtandaoni hakirudi. Kwa sababu hiyo mimi ningeziacha simulizi nje ya kitabu cha maonyesho, isipokuwa kwa wachache walioliomba wenyewe, na ningezima kabisa uwezekano wa kupakua.

Hatua ya nne: mahojiano

Mahali pachaguliwe na msimulizi. Usipendekeze jengo la taasisi ya zamani eti litaamsha kumbukumbu. Litaamsha, na hapo ndipo penye hatari. Usimweke mbele ya meza kubwa kama anayehojiwa na afisa. Kiti chake kiwe na njia ya wazi kuelekea mlangoni. Akitaka kuja na dada, mwenza au rafiki waliyekua naye, karibu.

Vifaa ni rahisi: maikrofoni ndogo ya kubana kwenye nguo, rekodi ya WAV (faili la sauti isiyobanwa) ya biti 24 na kilohezi 48, na sekunde 30 za ukimya wa chumba mwishoni, zitakazomsaidia mhariri baadaye. Siku hiyohiyo tengeneza nakala tatu, moja ikae jengo lingine, zote zikiwa na nywila.

Usianze na taasisi. Anza na kilichokuwepo kabla yake, kama kipo: nyumba, ndugu, lugha, michezo. Usiulize undani wa mateso. Acha msimulizi aamue afike wapi, na mkubaliane ishara ya kusimamisha, hata kama ni kuinua mkono tu. Swali linalozaa zaidi ya yote nadhani ni hili: "Mgeni atakayesikiliza akiondoka, ungependa awe amejua nini?" Wengi hawajibu kwa kutaja kipigo. Wanataja mdogo wao waliyetenganishwa naye, shule waliyonyimwa, au namna walivyolea watoto wao bila kuwa na wa kuiga. Dakika 90 zinatosha kwa kikao kimoja. Mpigie kesho yake, na tena baada ya wiki. Usiku mbaya mara nyingi huja baadaye. Namba ya mshauri nasaha awe nayo tangu kabla ya kikao.

Anayeandika unukuzi asisahauliwe. Mhoji husikia jambo mara moja, anayenukuu hulirudia sentensi kwa sentensi, akiwa peke yake na hedifoni masikioni. Mpangie saa chache kwa siku, na mtu wa kuzungumza naye.

Halafu kuna kumbukumbu na tarehe. Mtoto wa miaka sita hakushika kalenda. Msimulizi atasema 1961 na daftari la taasisi litasema 1963. Linganisha kila kinacholinganishika, kwa sababu wanaokanusha watashika tarehe moja yenye kasoro waitumie kuifuta simulizi nzima. Ila usimsahihishe ndani ya sauti yake. Mwonyeshe ulichokipata, mwachie achague, na ikibidi weka mwaka wa daftari kwenye maelezo ya ukutani pembeni ya maneno yake. Na kumbuka daftari nalo liliandikwa na watu waliokuwa na la kuficha.

Hatua ya tano: kuchagua na kukata

Kipande cha kusikiliza chumbani kiwe cha dakika moja hadi mbili. Zaidi ya hapo wageni huvua hedifoni. Usiongeze muziki, unamwambia mgeni ahisi nini, na unamfanya manusura awe mhusika wa filamu. Usiunganishe sentensi ya dakika ya kumi na ya dakika ya hamsini zikasikika kama zilitamkwa pamoja. Pumzi na ukimya viache. Msimulizi asipotaka sauti yake ijulikane, maneno yasomwe na mtu aliyemkubali yeye, na maelezo yaseme hivyo.

Kishawishi kikubwa ni kuchagua mateso tu. Chumba chenye mateso matupu huwachosha wageni, na huwapunguza wasimulizi wakawa majeraha yanayotembea. Weka ujanja wa kuiba mkate jikoni, mlezi aliyepewa jina la utani asilijue, kicheko cha bwenini, mtu aliyejifunza kusoma akiwa na miaka 40. Vitu hivi havipunguzi uzito wa dhuluma. Vinaonyesha dhuluma ilimpata nani.

Majina yanahitaji mikono mingi. Jina la mtuhumiwa aliye hai lipitie kwa wakili. Jina la mtoto mwingine aliyedhulumiwa halipiti kabisa bila yeye kuridhia, hata kama msimulizi ni rafiki yake mpenzi. Labda yeye hajawahi kumwambia mke wake. Kwenye maelezo ya ukutani andika nani alimfanya nani nini: "Wasimamizi waliwapiga watoto," na si "watoto waliadhibiwa," sentensi ambayo mpigaji ametoroka ndani yake.

Picha nazo ni za kuchunguza. Nyingi zilipigwa na taasisi yenyewe kwa ajili ya wafadhili na ripoti: watoto wamevalishwa nguo safi, wamepangwa mistari, wanatabasamu. Andika chini ya kila picha nani aliipiga na kwa madhumuni gani. Nyuso zisizo na majina huenda ni za watu walio hai wanaoishi mitaa miwili kutoka hapo.

Hatua ya sita: chumba

Hapa kanuni ya kujitoa inageuka kazi ya fundi. Kila sauti iwe faili lake na kituo chake cha kusikilizia. Kila bango libebe mtu mmoja, liweze kufunguliwa kwa bisibisi na kurudishiwa jingine la ukubwa uleule. Usijenge filamu moja ndefu inayowafuma wasimulizi wote, maana mmoja akitoka filamu yote inakufa. Usiweke uso wa manusura kwenye bango kubwa la barabarani. Kuwa na simulizi mbili au tatu za akiba zilizokwisha kuridhiwa. Wiki moja kabla ya ufunguzi fanyeni zoezi: chagueni sauti moja kwa kura, iondoeni jioni, muone asubuhi kama chumba kinasimama. Kisiposimama, bado mna wiki.

Mlangoni, onyo liseme mambo yaliyomo kwa majina yake: kupigwa, unyanyasaji wa kingono, vifo vya watoto. Neno "maudhui nyeti" halimsaidii mtu kuamua. Simulizi nzito ziwe kwenye hedifoni, zisiwe kwenye spika, ili anayesikia awe ameamua kusikia. Pembeni ya kila kituo weka maandishi ya simulizi kwa viziwi na kwa wanaopendelea kusoma. Viti viwe vingi. Pawe na njia ya kutoka inayoonekana kutoka kila pembe, na chumba kidogo cha utulivu chenye maji.

Fikiria kwamba mgeni wa kwanza ni mtu aliyefungiwa stoo akiwa mtoto. Basi hakuna korido ya giza, hakuna mlango unaojifunga wenyewe, hakuna bweni la kuigiza lenye vitanda vya chuma, na hakuna harufu ya sabuni ya hospitali iliyopuliziwa ili wageni "wapate hisia". Wabunifu hupenda sana mambo haya. Wakatalie.

Vitu vya manusura, kama barua, sare au kijiko, vichukuliwe kwa mkopo kuliko kwa zawadi, ili virudi vikidaiwa. Mfano wa kuutazama ni Witness Blanket ("Blanketi la Ushuhuda") wa Kanada, kazi ya msanii Carey Newman iliyokusanya zaidi ya vitu 800 kutoka shule za bweni, makanisa na majengo ya serikali. Mwaka 2019 msanii na Canadian Museum for Human Rights, makumbusho ya haki za binadamu ya nchi hiyo, waliafikiana kwamba hakuna anayeimiliki: kazi yenyewe, pamoja na simulizi ilizobeba, ndiyo yenye haki, na wao wawili ni walezi wake. Makubaliano hayo yalithibitishwa kwa karatasi na pia kwa sherehe ya mdomo.

Hatua ya saba: ufunguzi na siku za kawaida

Wasimulizi waingie kwanza, bila viongozi, bila kamera, wakiwa pamoja na watu waliowachagua wenyewe. Siku ya waandishi wa habari iwe nyingine, na aliyekubali kuhojiwa akae na mtu wa kumkatizia mahojiano.

Watakaohitaji mafunzo zaidi ni walinzi na wasafisha vyumba, kwani wao ndio wageni huwaambia, "Hata mimi nilikuwa pale." Jibu lisiwe swali. "Asante kwa kuniambia. Ungependa kukaa kidogo?" inatosha, kisha kadi yenye namba ya msaada. Hakuna kuchukua maelezo, hakuna kumwalika arekodiwe siku hiyo. Pia watakuja waliofanya kazi katika taasisi ile, baadhi wakiwa na hasira, baadhi wakilia. Kitabu cha maoni kisomwe kila asubuhi kabla ya kufungua, kwa sababu wanaokanusha nao wanajua kuandika.

Kuhusu taratibu za kuwaliwaza watu, usiazime za wengine. Kwenye vikao vya Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Kanada, iliyochunguza zile shule za bweni na kukusanya maelezo zaidi ya 6,500, karatasi zilizofutiwa machozi zilikusanywa na kuchomwa katika moto mtakatifu. Lilikuwa jambo la jamii za asili zile. Kamati yako ina lake, au haina lolote, na yote ni sawa.

Hatua ya nane: baada ya hapo

Wasiliana na kila msimulizi angalau mara moja kwa mwaka, maonyesho yawepo au yameshafungwa, umuulize kama ridhaa yake ingali vilevile. Yakihamia mji mwingine, ridhaa inaombwa upya, hasa ukiwa mji ambao familia yake inaishi. Andikeni mapema nani ataamua akifariki, kwa jina. Watoto wake huenda hawakuwahi kujua. Wafanyakazi wakibadilika, faili la ridhaa likabidhiwe kwa saini pamoja na funguo za stoo. Siku ya kubomoa, mpe kila mtu rekodi yake kamili na nakala safi ya unukuzi, mrudishie vitu vyake kwa mkono na si kwa posta, na mthibitishie kwa maandishi ni nakala ngapi zimebaki, ziko wapi, na nani ana nywila.